REDIO BILA MAFUNZO NI MZIGO TU CHOMBONI



Mkutano mkuu ujao utaletewa shauri la kutoa fedha katika akiba yetu ili zinunuliwe redio za baharini, hizi simu za upepo, moja kwa kila boti. Sisi wa gazeti hili la ukutani tunaunga mkono redio kwa mikono miwili. Tunachopinga ni maneno yanayopita barazani na dikoni: "Tununue, tugawane, mambo ya mafunzo na leseni baadae." Hapana, ndugu. Baadae hiyo ndiyo inayozika watu.

Bahari yetu twaijua. Mkondo ulio baina ya Pemba na Tanga una kina kinachofika mita 800 hivi, na kusi likichafuka hapana pa kutia nanga. Tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander ilizama usiku ikija kwetu Pemba kutoka Unguja, imejazwa kupita kiasi, na watu kwa mamia wakapotea. Haukutimia mwaka, tarehe 18 Julai 2012, Skagit nayo ikazama karibu na Chumbe. Hatusemi redio ingezuia meli kujazwa. Tunasema kwamba chombo kikishafika pabaya, uhai wa watu huwa ni hesabu ya dakika, na dakika hizo hazifai kutumika kutafuta kitufe cha kubonyeza.

Wapo wanaosema: "Kubonyeza na kusema, hilo nalo la kufundishwa?" Naam, la kufundishwa. Redio si simu ya mkononi. Ukibonyeza kitufe unasema tu, husikii. Mtu mwenye hofu hukikamata kitufe asikiachie; aliye karibu naye anamjibu, yeye hasikii. Tena vibaya zaidi, chaneli nzima imezibwa, na mwengine anayezama upande wa pili hawezi kupitisha neno. Mtu mmoja asiyejua anaweza kuwazamisha wawili.

Chaneli ya kuombea msaada ni 16, duniani kote. Hiyo ni mlango wa hospitali, si baraza la kahawa. Wapo watu, na sio wa mbali, ambao wakipewa redio siku ya kwanza wataulizana bei ya vibua Tumbe kwenye chaneli hiyo hiyo. Aliyefundishwa anajua kwamba huitana mara moja kwenye 16, kisha mnahamia chaneli nyengine ya mazungumzo. Anajua kwamba neno la hatari ya roho ni Mayday, hutajwa mara tatu, kisha jina la chombo mara tatu, kisha mlipo, kilichowapata, na idadi ya watu; halafu unaachia kitufe na kusikiliza. Anajua pia kwamba mashine iliyozimika, bahari shwari na hapana anayezama, hiyo si Mayday, ni Pan-pan.

"Mlipo" hapo ndipo penye mtihani. Kusema "tupo huku nje" si kusema kitu. Nahodha atoe namba za kifaa cha setilaiti, au aseme yuko maili ngapi na upande gani wa mnara wa taa wa Ras Kigomasha. Hayo hayaotwi usingizini, hufunzwa.

Wengine wanasema simu ya mkononi inatosha. Simu humwita mtu mmoja, tena ukiwa na mtandao. Ukiwa mkondoni mtandao hukata, na hata usipokata, meli inayopita maili mbili kutoka ulipo haina namba yako wala wewe huna yake. Redio husikiwa na kila aliyefungua chaneli. Lakini nayo ina mipaka yake, na mipaka hiyo muuzaji dukani hakwambii. Mawimbi yake huenda kwa mstari ulionyooka, na urefu wa antena ndio kila kitu. Boti mbili zenye antena za mita 4 juu ya maji husikilizana kiasi cha maili 9 za baharini. Watu wawili waliokaa ndani ya ngalawa na redio za mkononi hawafiki hata maili 5. Asiyelijua hili atalia saa nzima na hapana wa kumsikia, ilhali kumbe angeliweza kuiinua antena mlingotini.

Wapo na wazee wanaotwambia kuwa babu zao walivuka bila redio. Kweli, walivuka kwa nyota na kwa kuzijua pepo. Lakini nani katika hao alikabidhiwa usukani bila ya kufundishwa? Mtu alianza kwa kuteka maji chomboni, miaka ikapita, ndipo akaitwa nahodha. Sie twataka desturi hiyo hiyo, haikuvunjwa.

Sasa leseni. Karatasi ni mbili, na watu huzichanganya. Moja ni ya redio iliyomo chomboni, na masafa yako chini ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Ya pili ni cheti cha mtu mwenyewe, kuonyesha kwamba anajua kuitumia. Ni kama kadi ya gari na leseni ya dereva. Moja haisimami badala ya nyengine. Na asitokee mtu akasema leseni inamzuia anayezama kuomba msaada. Kanuni za dunia zinasema wazi kwamba chombo kilicho hatarini kinaweza kutumia njia yoyote iliyopo kujiokoa. Leseni ni ya siku zote nyengine, ili njia iwe wazi siku hiyo.

Wakubwa nao tunawaambia, kwa heshima, lakini tunawaambia. Mvuvi wa Kojani au Msuka akiambiwa cheti kipo Dar es Salaam, maana yake ni nauli ya meli, malazi, na siku kadhaa bila kuingia baharini, watoto wanakula nini? Sheria inayomtaka mtu awe na karatasi lakini haimletei somo, inakusanya faini tu. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwafikia watu wapatao milioni mbili huko Bara, vijijini mwao, kwa Kiswahili, tena kwa redio! Lililowezekana kwa choo na maji ya kunywa linashindikana vipi kwa roho za baharini?

Basi katika mkutano mkuu tunataka haya:

1. Mafunzo kwanza, redio baadae. Kila boti itoe watu wawili, nahodha na baharia mmoja, maana nahodha naye huanguka baharini.

2. Kamati iwaandikie Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar na Mamlaka ya Mawasiliano, walete walimu hapa dikoni, wafundishe kwa Kiswahili, siku za mwezi mpevu ambapo wavuvi wa dagaa wako nyumbani.

3. Leseni ziombwe na ushirika kwa pamoja. Mtu mmoja mmoja asihangaike na fomu.

4. Kila boti iandikwe jina moja fupi la kutamkika, na libaki hilo hilo.

5. Redio moja ikae dikoni, nayo iwe na leseni yake, iwe na zamu ya watu waliofundishwa. Zamu hiyo kina mama wa ushirika wanaiweza. Redio zote zikienda baharini, nani nchi kavu atasikia?

Atakayesema fedha hazitoshi tunamjibu: zipunguzwe redio, yasipunguzwe mafunzo. Redio mbili mikononi mwa wanaojua ni bora kuliko sita mikononi mwa wanaobahatisha.

Njooni mkutanoni, msiseme barazani tu. Asiyejua kusoma asomewe.

TAHADHARI KABLA YA HATARI.