Kama Rangi Nalipia Mimi, Nichague Mimi

Ingia bedsita yoyote ya kupanga, kutoka Roysambu hadi Rongai. Ukuta krimu. Koridoo krimu. Choo nacho krimu, kuanzia pale vigae vinapoishia. Ukihama, unaenda kukuta krimu nyingine inakungoja mtaa wa pili. Na kama hiyo haitoshi, wenzangu wa kontenti wanaofanya video za keja wameamua kwamba hii sasa ndiyo "classy". Kiti krimu, pazia krimu, zulia la manyoya krimu, nyasi kavu ndani ya chupa. Manze, hiyo ni nyumba ama ni bakuli la uji?

Sina noma na mtu anayependa krimu. Penda. Noma yangu ni kwamba wengi wetu hatujawahi kuulizwa, na bado tunalipishwa.

Wacha niseme vile hii rangi huchaguliwa, juu watu hudhani kuna mtu alikaa chini akafikiria. Landilodi ana nyumba arobaini. Ananunua rangi ya maji ya bei ya chini, ndoo za lita 20, zote aina moja, ndio ile itakayobaki nyumba ya tatu imalizie ukuta wa nyumba ya kumi na saba. Fundi anaongeza maji, anapiga mkono mmoja pale palipohitaji miwili, kazi imeisha. Ndio maana ukiegemea ukuta na tisheti nyeusi unatoka na unga mgongoni. Ukijaribu kupangusa alama ya mkono karibu na swichi, rangi inakuja na kitambaa. Iko rangi inayooshwa, kila hardware wanayo, lakini bei iko juu kidogo. Kwa hivyo hapo wewe hukufikiriwa. Krimu huchaguliwa kwa ajili ya mpangaji atakayekuja baada yako, asije akakataa nyumba. Unalipa kodi kila mwezi kukaa ndani ya nyumba inayomngoja mtu mwingine.

Hata Waingereza wana krimu yao, wanaiita magnolia, na huko pia inajulikana kama rangi ya nyumba za kupanga. Kwa hivyo ukiona mtu anakuuzia hiyo kitu kama ladha ya kitajiri, cheka pole pole.

Sasa tufike kwa pesa. Nilipoachana na kampasi nilikaa bedsita moja mwaka na miezi kadhaa. Sikupigilia hata msumari. Nikihama, nikakatwa shilingi 5,000 kwa dipositi, "za rangi". Nikauliza ni ukuta gani umeharibika. Nikaambiwa ni lazima, kila mtu hukatwa. Wiki mbili baadaye jirani akanitumia video: mpangaji mpya ameshaingia, na alama ya kitanda changu bado iko ukutani. Huyo naye akihama atakatwa. Rangi moja, watu wawili, malipo mara mbili, na brashi haijaguswa.

Na usidhani sheria itakushika mkono haraka. Sheria ya kudhibiti kodi, Sura ya 296, inalinda nyumba za kuishi ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Nitafutie bedsita ya 2,500 hapa Kasarani, nitakuja kuishi nayo hadi nizeeke. Ukilipa zaidi ya hapo, kinachokulinda sana sana ni ile karatasi ulisaini bila kusoma.

Najua mtaniambia krimu inaleta mwanga. Ni kweli, na siwezi kubishana na mtu anayeishi Pipeline, pale ghorofa zimekaribiana hadi unawasha stima saa saba mchana. Lakini samawati hafifu pia inaleta mwanga. Njano hafifu inaleta. Kijani ya chai ikianza kuchipuka inaleta. Mwanga unataka rangi nyepesi, haujasema lazima iwe krimu. Na ile hadithi ati krimu haionyeshi uchafu, aliyeianzisha hajawahi kuua mbu.

Msee wa Pwani naye atanijia na nyumba za Lamu, ati nazo ni nyeupe tupu. Boss, hizo kuta ni chokaa iliyochomwa kutoka kwa matumbawe, na ndani kuna zidaka zilizochongwa hadi unasimama tu kuangalia. Mwenyewe alizijengea watu wake. Usizilinganishe na ndoo iliyotiwa maji. Na huko magharibi mashambani, mama akikandika nyumba anachanganya udongo mwekundu, mweupe, majivu, chini anapitisha mstari mweusi. Nyumba ni ya udongo na bado ina sura ya mwenyewe. Sisi tuko ghorofa ya nne na hatuna ruhusa.

Cha kushangaza, kizazi hiki ndicho kinaacha matatu tatu zipite kikingoja nganya yenye michoro. Dakika arobaini za barabara tunataka rangi. Nyumbani, tunapolala na kulia na kupanga maisha, tunaambiwa tuzoee.

Kwa hivyo mimi ninasema hivi: kama mpangaji ndiye analipia rangi akitoka, basi achague rangi akiingia. Na kama landilodi anataka krimu yake, ailipie yeye. Hakuna njia ya tatu. Kabla hujatuma dipositi, uliza habari ya rangi na iandikwe. Siku ya kuingia, piga video ya kila ukuta, hadi nyuma ya mlango, umtumie siku hiyo hiyo.

Hapa niko sasa niliomba iandikwe kwa mkataba: ukuta mmoja, kijani ya jani la mgomba, mkebe wa lita nne, mikono miwili, naununua mimi. Mwenye nyumba akasema nikihama nitaurudisha krimu kwa pesa yangu. Nikamwambia sawa. Si hiyo pesa ningekatwa tu?