Dawa Isigeuke Sumu Ghalani

Ni jambo lisilofichika kwamba wananchi wengi wa Unguja na Pemba, wa mjini na wa mashamba, wangali wakitegemea miti shamba kujitibu. Mchaichai, mrehani, manjano, mdalasini na tangawizi kavu huuzwa masokoni kila siku. Hata hivyo, namna dawa hizo zinavyohifadhiwa haijapewa uzito unaostahili.

Joto na unyevu wa visiwa vyetu ndiyo starehe ya wadudu waharibifu. Wawili kati yao, ambao wataalamu huwaita Lasioderma serricorne na Stegobium paniceum, hutoboa mizizi, mbegu na majani makavu, hata yenye harufu kali. Muuzaji aonapo unga chini ya gunia, hushawishika kunyunyiza dawa ya kuhifadhia mahindi. Hapo ndipo penye hatari. Mahindi hukobolewa na kuoshwa kabla ya kupikwa. Miti shamba huchemshwa maji yake yakanywewa, au husagwa ikamezwa kama ilivyo. Naye aimezaye ni mgonjwa.

Isidhaniwe kuwa hapana njia nyingine. La kwanza ni ukavu: majani yaanikwe kivulini penye upepo, juu ya chanja, mpaka yavunjike mkononi. La pili ni usafi: nyufa za ghala zizibwe, na mzigo mpya usichanganywe na wa zamani. La tatu ni kuwanyima wadudu hewa: ndani ya mfuko usiopitisha hewa, wao wenyewe humaliza oksijeni, wakaacha kula, kisha wakafa. Mifuko hiyo imekwishatumika Tanzania Bara kuhifadhi mahindi. La nne ni baridi: nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili huua hata mayai, ila mfuko usifunguliwe kabla haujarudia joto la kawaida, dawa isije ikapata umande na kuota ukungu. Ama kuchanganya majivu au mwarobaini, hilo lafaa kwa mbegu za kupanda; katika dawa ni kumnywesha mgonjwa asichokiomba.

Biashara nayo imo hatarini. Mwaka 2020, ufuta wa India ulipokutwa Ulaya na mabaki ya gesi ya ethilini oksaidi, bidhaa nyingi ziliondolewa madukani. Visiwa vinavyojulikana duniani kwa karafuu na viungo havina budi kuzingatia funzo hilo.

Kwa hiyo tunawahimiza viongozi wa kilimo na afya wasiishie kwenye makatazo. Kumtoza faini muuzaji mdogo bila ya kumwonyesha njia si insafu. Mabwana na mabibi shamba wafike masokoni wafundishe, mifuko ipatikane kwa bei nafuu, na wakaguzi wapime dawa kabla hazijamfikia mnunuzi. Nao wauzaji wakumbuke kwamba afya ya mgonjwa ni amana mikononi mwao.