Sindano moja inawanyima mafundi wetu soko la magauni ya watoto

PELEKA kitambaa cha fulana kwa fundi cherehani wa mtaani kwako, umwombe akushonee gauni la mtoto wa miaka minne. Wengi watakishika, watakivuta mara moja, kisha watakurudishia. Watakuambia kuwa hicho ni kitambaa cha kiwandani, hakishoneki kwa cherehani ya kawaida.

Jibu hilo limezoeleka kiasi kwamba hakuna anayelihoji. Sisi tunalihoji kwa sababu si kweli, na kwa sababu linawagharimu fundi mwenyewe, mama anayetafuta nguo ya mtoto, na mbali zaidi, mkulima wa pamba wa Bariadi, Maswa au Meatu.

Tazama anachovaa mtoto mdogo kuanzia asubuhi hadi anapolala. Fulana, gauni la kushindia nyumbani, suruali ya kulalia, nguo ya ndani, soksi. Karibu zote ni za kitambaa kinachovutika. Mafundi wetu wameachiwa sare za shule na nguo za vitenge za sikukuu. Nguo ya kila siku, ile inayochakaa haraka na kununuliwa tena na tena, inatoka kwenye mitumba au kwenye makontena ya China. Kwa maneno mengine, fundi anashona nguo ambayo mtoto anaivaa mara chache, na biashara ya nguo anayoivaa siku zote imekwenda kwa wengine.

Tatizo lenyewe ni dogo. Kitenge, khanga na kaki hutengenezwa kwa nyuzi zinazopishana, za wima na za mlalo, na sindano yenye ncha kali hupita kati yake bila shida. Kitambaa cha fulana kimefumwa kwa vitanzi, uzi mmoja ukishika mwingine, kama sweta la mkono lakini kwa vitanzi vidogo sana. (Mashine ya kwanza ya kufuma kwa namna hiyo ilibuniwa Uingereza na William Lee mwaka 1589, karne mbili na zaidi kabla ya cherehani, kwa hiyo si teknolojia ya juzi.) Ukitumia sindano kali, inakata vitanzi. Siku ya kwanza huoni kitu. Baada ya kufua mara mbili tatu, vitundu vinaanza kufunguka kando ya mshono, na mteja anasema fundi ameharibu.

Dawa yake ni sindano yenye ncha ya mviringo, ambayo inasukuma vitanzi pembeni badala ya kuvikata. Zinatengenezwa kwa ajili ya cherehani za nyumbani pia, zikiwamo zile nyeusi za kukanyaga kwa miguu ambazo zimejaa kwenye vibaraza vyetu. Kwa kitambaa chepesi namba 11 inafaa, na kwa kizito namba 14. Anayekwenda dukani abebe sindano yake ya zamani ili alinganishe mpini, kwani cherehani za kiwandani zina sindano za aina nyingine. Uzi nao uwe wa polista. Uzi wa pamba hukatika mshono unapovutwa.

Tunashauri mtu aanze na gauni la mtoto kwa sababu ndilo linalosamehe zaidi. Halina zipu wala mikunjo ya kifuani, na vipande vyake vinaweza kuwa vinne tu: mbele, nyuma na mikono miwili, pamoja na ukanda wa shingo. Njia rahisi ya kupata kipimo ni kuchukua fulana inayomtosha mtoto, kuikunja katikati, kuilaza juu ya gazeti na kuichora pembeni, kisha kuongeza sentimeta moja ya mshono na kutanua kuanzia kwapani kushuka chini. Kwa mtoto wa miaka minne, urefu wa sentimeta 60 kutoka begani hufika karibu na magoti, na mwaka unaofuata bado anaweza kulivaa.

Kabla ya kukata, kitambaa kifuliwe na kukaushwa. Hatua hii ndiyo inayorukwa sana, nayo ndiyo inayoleta ugomvi na wateja, kwa kuwa pamba iliyofumwa kwa vitanzi hupungua ikifuliwa, hasa kwa urefu. Halafu kitazamwe kinavutika zaidi upande gani. Upande huo ndio uzunguke mwili wa mtoto. Ukikata kinyume, gauni litabana kifuani na kurefuka chini kila linapofuliwa.

Kwa wanaoishi maeneo ya joto tunaongeza jambo moja. Vitambaa vingi vinavyoitwa pamba sokoni si pamba. Chomoa uzi mmoja, uuchome kwa kiberiti: pamba huungua kama karatasi na kuacha majivu, polista huyeyuka na kuganda kama tone gumu. Mtoto wa Dar es Salaam au Tanga mwenye vipele vya joto hana haja ya gauni la plastiki.

Katika kushona, mwenye cherehani ya zigizaga atumie zigizaga nyembamba. Mwenye ile ya mshono ulionyooka tu asikate tamaa: ashone kwa mshono wa kati huku akikivuta kitambaa kidogo, kwa mbele na kwa nyuma ya sindano kwa nguvu sawa, ili mshono nao ubaki na nafasi ya kunyumbuka. Akivuta kupita kiasi, pindo litakuwa na mawimbi. Kitambaa kikigoma au mshono ukiruka, karatasi nyembamba iwekwe chini yake, ishonwe pamoja, kisha ichanwe na kutolewa. Ovaloki inapendeza, lakini si lazima. Kitambaa hiki kikikatwa hakichanuki nyuzi kama kitenge.

Sehemu ngumu ni shingo. Kichwa cha mtoto wa miaka minne kina mzunguko wa sentimeta 50 hivi, na tundu la shingo lisilovutika kufikia hapo halitapita. Ukanda wa shingo hukatwa mfupi kidogo kuliko tundu lenyewe. Kama tundu ni sentimeta 40, ukanda wa 36 unatosha, nao unavutwa wakati wa kushona ili ulale vizuri. Kwa cherehani ya mshono ulionyooka hapa ndipo uzi unapokatika, tena siku ileile mama anapomvalisha mtoto kwa haraka. Suluhisho la wazee wa kazi ni kuacha bega moja wazi na kuweka vifungo viwili. Kichwa kinapita bila kuvuta chochote. Kamba za kufunga shingoni tunazikataa, kwa sababu zinaweza kumnyonga mtoto anapocheza.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana kurasa hizi ni za biashara.

Gauni kama hilo linatumia kiasi cha sentimeta 70 za kitambaa chenye upana wa mita moja na nusu. Kitambaa cha fulana cha kawaida chenye uzito wa gramu 180 kwa mita ya mraba kitakuwa na gramu zisizofika 200 kwa gauni, yaani kilo moja inatoa magauni matano. Tuchukue, kwa mfano tu, kwamba kitambaa cha gauni moja kimekugharimu Sh4,000, uzi na sindano Sh500, na umeshona kwa saa mbili ukijilipa Sh1,500 kwa saa. Gauni limekugharimu Sh7,500 kabla ya faida. Kila msomaji aweke bei za mtaani kwake, lakini asiruke ule mstari wa saa. Wanaoshona nyumbani karibu wote huuruka. Wanauza kwa bei ya kitambaa na senti kidogo, halafu baada ya miezi sita wanashangaa mtaji umekwenda wapi.

Kwa bei hiyo, hakuna atakayelishinda gauni la mtumba linalochaguliwa kwenye rundo chini. Tuseme ukweli huo mapema. Anayeahidiwa kwamba atawapiku wauza mitumba kwa bei anadanganywa.

Anachoweza kuuza fundi wa nyumbani ni kile ambacho rundo la mitumba haliwezi kutoa. Rundo halina ukubwa unaoutaka siku unayoutaka. Halina magauni matatu yanayofanana kwa ajili ya ndugu watatu, wala ishirini ya rangi moja kwa ajili ya chekechea ya mtaani. Halimpimi mtoto mwenye ulemavu ambaye nguo ya kuvutika yenye vifungo begani ingemrahisishia mama yake kumvalisha. Kazi ya oda ndipo riziki ilipo.

Na mtumba wenyewe ni malighafi. Fulana kubwa ya mwanamume, iliyochakaa shingoni lakini nzima tumboni, inatoa gauni zima la mtoto. Ukiikata vizuri unabaki na pindo la chini lililoshonwa kiwandani, na hiyo ndiyo kazi inayowasumbua wanaoanza. Kitambaa chake kimeshafuliwa mara nyingi, hakipungui tena. Kwa anayejifunza hatuoni shule bora zaidi. Akiharibu, ameharibu fulana moja ya bei ndogo.

Tunagusa mitumba kwa makusudi. Machi 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikutana Arusha na kuafikiana kuiondoa sokoni hatua kwa hatua ndani ya miaka mitatu. Marekani ikatishia kufuta nafuu ya AGOA, nchi nyingine zikalegeza msimamo, na Rwanda iliyoendelea na ushuru mkubwa ikasimamishiwa nafuu hiyo kwa upande wa nguo mwaka 2018. Mjadala ule uligawa watu, nasi hatuufufui hapa. Tunachosema ni kwamba hata kama mitumba ingezuiwa siku ile, fundi asiyejua kushona fulana asingeipata nafasi hiyo. Ingechukuliwa na kontena.

Mkulima anaingiaje? Pamba mbegu inapochambuliwa, kiasi cha theluthi moja au zaidi kidogo ya uzito wake ndicho kinachokuwa pamba nyuzi; kinachobaki ni mbegu. Ukiondoa na upotevu wa kiwandani, kilo tatu na nusu anazopeleka mkulima kwenye chama cha msingi zinaweza kutoa takriban kilo moja ya kitambaa, ambayo ni yale magauni matano. Tukichukua bei ya mfano ya Sh1,100 kwa kilo, mkulima amepata Sh3,850, sawa na Sh770 kwa gauni. Na kumbuka kwamba katika hizo Sh770 amelima, amepalilia, amepulizia dawa na kuchuma kwa mkono.

Sehemu kubwa ya pamba yetu husafirishwa ikiwa nyuzi, haijasokotwa wala kufumwa. Viwanda vilivyojengwa baada ya uhuru, kama Urafiki ya Dar es Salaam iliyofunguliwa mwaka 1968, vilielekezwa zaidi kwenye khanga, vitenge na mashuka. Kwa wakati ule lilikuwa jambo la busara, ndizo nguo zilizovaliwa. Leo mavazi yamebadilika. Kitambaa cha vitanzi kinafumwa nchini, Arusha ikiwa na viwanda kama Sunflag, lakini mwenye cherehani moja nyumbani anapotafuta mita tatu za kitambaa hicho kwa bei inayoeleweka, anahangaika.

Tunayo maombi machache. Vyuo vya VETA vinavyofundisha ushonaji vikipe kitambaa kinachovutika nafasi kamili katika mafunzo kwa vitendo, ili mhitimu asitoke akijua sketi ya kaki na shati peke yake. SIDO, iliyoundwa mwaka 1973 kwa ajili ya wajasiriamali wadogo hasa, isaidie vikundi vya akina mama kununua kitambaa kwa pamoja. Watu kumi wakiagiza roli moja wanapata bei ambayo mtu mmoja hawezi kuipata. Viwanda navyo vifikirie kuuza masalia ya kukatia kwa kilo. Kipande ambacho hakitoshi fulana ya mtu mzima kinatosha kabisa mikono na ukanda wa shingo wa gauni la mtoto.

Taasisi za mikopo midogo hatuziachi. Mara nyingi mwombaji anashauriwa anunue mashine ya pili au ya umeme, kwa sababu mashine inaonekana na inaweza kushikwa kuwa dhamana. Kwa kazi hii cherehani iliyopo inatosha kwa mwaka wa kwanza. Anachohitaji ni kitambaa cha kuanzia na muda wa kuharibu vipande vichache bila kudaiwa marejesho ya wiki.

Wauza vifaa vya ushonaji ndio wanaoweza kuanza kesho asubuhi. Sindano za ncha ya mviringo zikiwapo, mara nyingi zimechanganywa na nyingine kwenye kopo moja, na muuzaji mwenyewe hajui tofauti. Waziweke peke yake, waandike juu yake kwa kalamu nene: ZA FULANA.