Sahihi Isitangulie Mafunzo

Mwezi Juni 2019, ilipotangazwa kwamba mtoto wa miaka 5, aliyevuka mpaka pamoja na jamaa zake kutoka Kongo na kupelekwa hospitali ya Kagando, amepatikana na Ebola, sisi wana wa Kasese na Bwera, Uganda, tulioko Marekani tuliingiwa na hofu kubwa kwa ajili ya wauguzi wa kwetu. Mtoto alifariki Bwera, na nyanya yake hakukawia kumfuata. Lakini, alhamdulillahi, hakuna mtu aliyeambukizwa ndani ya Uganda. Tusiite jambo hilo bahati, maana wahudumu wa afya karibu 4,700 walikuwa wamekwisha kuchanjwa, na wengi kufundishwa, kabla maradhi hayajabisha hodi. Marehemu Dkt. Jonah Kule, aliyefariki mwaka 2007 baada ya kuuguza wagonjwa wa Ebola huko Bundibugyo, ng'ambo ya pili ya Rwenzori, hakujaliwa nafasi hiyo.

Na hayo mafunzo ni ya vitendo vidogo: glavu huvuliwa kwa kupinduliwa nje ndani, mikono huoshwa kila livuliwapo vazi, na mwenzio husimama akikutajia hatua moja moja, kwa sababu hatari kubwa humvizia mtu wakati wa kuvua, akiwa amechoka na jasho likimwingia machoni.

Huku ugenini wengi wetu tunatunza wazee na wagonjwa, ilhali wapo wanaoambiwa watie sahihi karatasi ya mafunzo alfajiri, zamu ikiisha, bila ya kufundishwa lolote. Hiyo ni dhuluma. Kanuni ya OSHA, idara ya Marekani ya usalama kazini, ya mwaka 1991 juu ya maradhi yaambukizwayo kwa damu inamlazimu mwajiri akufundishe unapoanza kazi na kila mwaka, ndani ya saa za kazi, bila malipo, kwa lugha unayoifahamu, na akupe bure chanjo ya homa ya ini aina ya B. Barakoa ya kukinga kifua kikuu nayo sharti ijaribiwe usoni pako wewe. Ukichomwa na sindano, osha kwa maji na sabuni, ukatoe taarifa saa ile ile, kwani dawa za kuzuia Ukimwi hazifai kuanzwa baada ya saa 72.

Basi msimamizi akikuhimiza utie sahihi, mjibu kwa adabu kuwa utatia ukishafundishwa. Akikataa, tuletee habari, nasi tutalihifadhi jina lako na kumwandikia mwajiri kwa niaba ya jumuiya.