Kichwa cha kila siku: hesabu siku, hesabu na komprime



Tukikutana na kuulizana habari za mwili, neno linalorudi mara nyingi ni moja: kichwa. Na hapa Kamanyola sababu hazikosekani. Jua la bonde la Rusizi ni kali. Kuna anayebeba gunia la makala mgongoni, kamba imembana paji la uso. Kuna anayeinama katika mpunga tangu asubuhi bila kunywa maji. Kuna anayepika kwa mbabula ndani ya nyumba iliyofungwa, na anayelala saa sita za usiku akiwaza pesa za shule za watoto. Ndiyo maana wengi wetu hatutoki nyumbani bila komprime mbili tatu zilizofungwa katika ncha ya kitenge.

Leo nataka tuelewane juu ya jambo ambalo wengi hawajaambiwa. Dawa ile ile inayotuliza kichwa, ukiinywa karibu kila siku, inaweza kugeuka na kuwa ndiyo inayokiumiza.

Tumchukue mama wa mfano, muuza ndagala sokoni. Alianza na parasetamol siku za soko tu. Baadaye ikawa kila asubuhi, kabla hata ya chai. Siku asipoinywa, kufika saa sita mchana kichwa kinataka kupasuka. Akiinywa, kinatulia, naye anasema: "Bila dawa hii nisingesimama." Kumbe mwili umekwisha kuizoea. Dawa ikipungua, maumivu yanaamka na kuidai. Anadai dawa, anapewa, anadai tena.

Waganga wameweka kipimo. Mtu mwenye tabia ya kuumwa kichwa, akinywa parasetamol au ibuprofeni siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi 3, yuko katika hatari hiyo. Kwa zile komprime zilizochanganywa dawa mbili au tatu, siku 10 kwa mwezi zinatosha. Angalieni vizuri: zinazohesabiwa hapa ni siku, si wingi wa komprime. Komprime moja kila siku ni mbaya kuliko mbili kwa siku moja ya juma.

Na hasara haiishii kichwani. Parasetamol ikipita kiasi inaharibu ini: mtu mzima asipite komprime 8 za miligramu 500 kwa saa 24. Ibuprofeni ya muda mrefu inaumiza tumbo na figo. Mwenye mimba asiinywe bila kuambiwa na muganga.

Tena, tusikisie ugonjwa. Wengine kichwa kikiuma wanasema ni malaria, wananunua dawa bila kupimwa. Wengine wanasema ni tansiyo. Lakini tansiyo mara nyingi haiumi popote. Inajulikana kwa mashine tu. Maumivu ya kubana pande zote mbili, kama kitambaa kilichofungwa kwa nguvu, mara nyingi yanatokana na uchovu, mawazo na shingo iliyochoka. Yale yanayogonga upande mmoja, pamoja na kichefuchefu na kuchukia mwanga na kelele, ni migreni, ambayo wengine huita kipanda uso. Inashika wanawake zaidi ya wanaume, na wengi inawajia karibu na siku za mwezi. Ikirudi mara kwa mara, muganga anaweza kupanga dawa ya kuikinga.

Tufanye nini sasa? Chukua daftari la zamani la mtoto, chora mistari ya siku 30. Kila jioni andika: kichwa kimeuma au hapana, nimekunywa dawa gani, ngapi. Asiyejua kuandika aweke alama ya kijiti. Mwezi ukiisha, peleka daftari kituo cha afya. Infirmye ataona katika dakika moja kile ambacho ungeeleza saa nzima.

Akikuambia uache, ujue kwamba siku za kwanza kichwa kitauma zaidi. Kwa wengi hali hiyo inapita katika siku chache au juma moja au mawili. Waambie watu wa nyumbani mapema, wakusaidie kazi. Dawa kali za maumivu kama tramadol usiziache peke yako bila muganga. Na dawa ya tansiyo au ya kifafa uliyoandikiwa, hiyo usiiguse, endelea nayo.

Wakati huo huo: kunywa maji kabla ya kiu, kula asubuhi, gawanya mzigo mara mbili kama inawezekana, toa mbabula nje, lala saa zile zile.

Lakini kuna kichwa kisichongoja daftari. Nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo kama:

- kimeanza ghafla, kwa nguvu ambayo hujawahi kuiona;
- kuna homa kali, shingo imekauka, au mtu anachanganyikiwa;
- mkono au mguu umelegea, mdomo umepinda, au kuna degedege;
- kimeanza baada ya kuanguka au kupigwa;
- mama ana mimba iliyopita miezi 4 na nusu, au amejifungua karibuni, na kichwa kinauma sana, macho hayaoni vizuri, au uso na mikono vimevimba. Hiyo inaweza kuwa tansiyo ya mimba, nayo inaua mama na mtoto. Usimpe komprime na kumwambia alale. Tafuta pikipiki.

Mkutano ujao, kila mmoja aje na daftari lake, hata kama lina siku saba tu. Tutazihesabu pamoja.