Viza Imechelewa, Mama Afanye Nini?

Mwezi uliopita tuliongea juu ya kuharisha kwa watoto wachanga. Mwezi huu tunatoka kidogo nje ya zahanati, maana akina mama kadhaa wametuuliza swali moja baada ya ibada. Binti au mwana yuko ng'ambo, mama amealikwa kwenda kumtembelea, ameomba viza ya matembezi, na sasa siku zinapita jibu haliji. Afanye nini?

Tutajibu kwa yale yaliyotupata sisi wenyewe mwaka 2024. Tutataja na makosa yetu, maana humo ndimo mlimo na mafundisho.

Binti yetu mkubwa ameolewa na anaishi katika nchi mojawapo ya Ulaya. Mwaka ule alikuwa na mimba ya kwanza, na alitarajiwa kujifungua katikati ya Oktoba. Mwandishi wenu amewapokea watoto wa watu kwa miaka mingi. Wengine tunawaona leo wanaimba kwaya. Je, mjukuu wetu wa kwanza azaliwe sisi tukiwa mbali? Tukaamua kwenda. Tarehe ya safari tukapanga iwe 25 Septemba, na maombi ya viza tukayapeleka 20 Agosti. Tulijiona tumewahi sana.

Siku 15 na siku 45

Nchi ile imo katika umoja wa Schengen. Nchi hizo sasa ni 29, na viza yake ya matembezi humruhusu mgeni kukaa hadi siku 90 katika kila siku 180. Tulisoma kwamba jibu hutolewa katika siku 15. Tukahesabu kwa vidole: tarehe 4 Septemba tutakuwa na viza mkononi. Furaha ikatuzidi, hata hatukuendelea kusoma. Maelezo yaliyofuata yalisema kwamba ombi likihitaji kuchunguzwa zaidi, au hati zaidi zikihitajika, muda huo waweza kufika siku 45.

Akina mama, hapo ndipo wengi tunapokwama. Siku 15 ni muda wa kawaida, wala si ahadi. Maombi huwa mengi kuelekea likizo za kiangazi cha Ulaya na sikukuu ya Krismasi. Tena si nchi zote za Schengen zenye ofisi ya viza hapa nchini; baadhi ya maombi huamuliwa katika nchi nyingine, na pasipoti husafiri kwenda na kurudi. Kanuni inamruhusu mtu kuomba kuanzia miezi 6 kabla ya safari. Sisi tuliomba wiki 5 kabla. Tungeomba mwezi Juni, habari hii ingekuwa nyingine.

Mama mmoja mwenye majina mawili

Tarehe 4 Septemba ilipita. Tarehe 10 ikapita. Tulikuwa tunalala na simu chini ya mto. Tarehe 13, siku ya Ijumaa, tulirudi kwa yule kijana wa steshenari aliyetujazia fomu. Alipofungua kompyuta yake tuliona aibu. Barua ya ubalozi ilikuwa imekaa humo tangu Jumatatu! Katika fomu kijana alikuwa ameandika anwani yake ya barua pepe, kwa kuwa sisi tulisema hatukumbuki neno la siri la kwetu. Siku nne walikuwa wanatungoja sisi, na sisi tukinung'unika kwamba wao ndio wanaochelewa.

Barua yenyewe ilikuwa fupi na ya heshima. Cheti cha kuzaliwa cha binti yetu kinamtaja mama kwa jina la ukoo wa baba yake mzazi, kwa sababu ndilo tulilolitumia wakati ule. Pasipoti yetu ina jina la mume. Kwa karani asiyetujua, hawa ni wanawake wawili. Tuonyeshe basi kwamba ni mtu mmoja.

Mama unayesoma, weka gazeti chini kidogo, ukafungue lile sanduku la vyeti. Jina lako katika cheti chako cha kuzaliwa, cheti cha ndoa, kitambulisho cha taifa, pasipoti, na vyeti vya watoto, yote yanafanana? Wengi wetu tuliolewa, tukaitwa kwa jina jipya, na karatasi hazikutufuata. Cheti cha ndoa ni daraja la kuunganisha majina hayo mawili. Palipo na tofauti nyingine, wakili ataandika hati ya kiapo, na mambo ya vyeti vya kuzaliwa yanashughulikiwa na RITA. Fanya kazi hiyo hata kama huna safari. Siku ya mirathi, ya mafao, au ya mtoto kwenda chuo, utashukuru. Na hati iliyo kwa Kiswahili huenda ikahitaji kutafsiriwa, kwa hiyo uliza mapema ubalozi unaipokea kwa lugha gani.

Jumatatu ya tarehe 16 tulipeleka cheti cha ndoa, tafsiri yake, na hati ya kiapo. Kisha tukaanza kungoja upya.

Pesa na siri

Sasa tunafika mahali ambapo tungependa kunyamaza, lakini tukinyamaza tutakuwa hatukuwasaidia.

Tulikuwa tumekwisha kukata tiketi, tena ile ya bei nafuu isiyorudishwa pesa. Na pesa yenyewe ilikuwa akiba ya ada ya kijana wetu ya Januari. Baba watoto hakujua. Tulijiambia kwamba tutairudisha kidogo kidogo kabla hajauliza. Viza ilipochelewa, siri ile ikawa nzito kuliko viza yenyewe. Tukawa wakali jikoni bila sababu. Mtoto akivunja kikombe, ni kelele kama ameanguka kisimani. Baba watoto akiuliza habari za safari, tunamjibu kwa mkato.

Katika wiki hiyo mtu mmoja akatuletea kishoka. Alisema ana mtu wa ndani, na kwa shilingi laki nane faili litasukumwa. Tunawaambia kweli, tulianza kufikiri ni nani wa kutukopesha. Usiku ule hatukulala. Alfajiri tukamwamsha baba watoto, tukamwambia yote: tiketi, ada, na kishoka.

Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Pesa hutafutwa, mama. Mimi linaloniuma ni kwamba ulikuwa peke yako na mzigo huu wote, na mimi nimelala hapa hapa pembeni yako."

Wapendwa, angegomba tungeumia kidogo kuliko vile. Tukaomba pamoja. Kulipokucha alimpigia yule kishoka mwenyewe na kumwambia asitutafute tena. Alisema jambo ambalo tunaomba mlikumbuke: mtu anayeuza njia ya mkato ubalozini, ama ni mwongo atakayekula pesa yako, ama atakutia katika udanganyifu utakaokufungia mlango wa safari nyingine.

Tulivyongoja na tulivyopaswa kungoja

Mkunga hamvuti mtoto kwa sababu amechoka kukaa. Lakini pia mkunga anayengoja hakai bure. Anasikiliza mapigo ya moyo wa mtoto kila nusu saa, anapima, anaandika kwenye chati. Katika chati tuliyofundishwa sisi chuoni kulikuwa na mstari wa tahadhari na mstari wa kuchukua hatua. Kabla ya mstari wa kwanza, unaangalia na kumtia mama moyo. Ukiuvuka, unajiandaa. Ukifika wa pili, huwezi kukaa tena. Kungoja viza nako kuna mistari hiyo.

Siku 15 za kwanza, tulia, ila fungua barua pepe asubuhi na jioni. Iwe anwani yako mwenyewe, na neno la siri uliandike mahali unapopajua. Weka nakala ya kila karatasi uliyopeleka, pamoja na risiti na namba ya ombi.

Zikipita siku 15, huo ndio mstari wa tahadhari. Uliza mara moja, kwa maandishi, kwa njia ile ubalozi au kituo cha maombi kilichoelekeza, ukitaja namba yako na tarehe ya safari. Usiandike kila siku. Usipeleke ombi la pili juu ya la kwanza. Ikiwa kuna sababu ya haraka, kama binti anayekaribia kujifungua, ambatisha barua ya daktari wake. Mwambie mwenyeji wako, uongee na mwajiri kuhusu likizo, uulize shirika la ndege gharama ya kusogeza tarehe. Usisahau bima ya safari. Kwa nchi za Schengen inatakiwa iwe ya euro 30,000 au zaidi, na tarehe zake zisogee pamoja na safari yako.

Zikifika siku 45, huo ndio mstari wa kuchukua hatua. Andika barua ya heshima ukiomba kujua hatima ya ombi lako. Ukihitaji pasipoti kwa jambo lingine, uliza kwanza kama kuichukua kutafuta ombi. Na ukinyimwa, utapewa fomu yenye sababu. Isome kwa utulivu pamoja na mumeo. Una haki ya kukata rufaa, au kuomba upya ukiwa umerekebisha kilichopungua. Ada ya viza haitarudi. Tangu Juni 2024 ni euro 90 kwa mtu mzima, basi uihesabu tangu mwanzo kuwa ni pesa iliyokwenda.

Zaidi ya yote, uwe na mpango wa pili. Sisi hatukuwa nao. Ni baba watoto aliyetushauri tumpigie binti tumuulize: kama mama hakufika, nani atakuwa nawe? Tulikuwa tunaogopa swali hilo, kana kwamba kulitamka ni kukata tamaa. Kumbe binti naye alikuwa analiogopa, asituvunje moyo. Tulipolitamka, akazungumza na mama mmoja wa usharika wake wa huko, mtu mzima mwenye wajukuu, naye akakubali kuwa karibu.

Na ilikuwa vema. Likizo yetu ya siku 28 ilianza 23 Septemba, tukakaa nyumbani na sanduku limefungwa. Tarehe 25 ndege ikaondoka bila sisi. Jumapili ya tarehe 29, tunatoka ibadani, simu ikalia. Mtoto alikuwa amekwisha kuzaliwa, wiki mbili na zaidi kabla ya siku iliyotarajiwa. Ni wa kike, na mama yake ni mzima. Yule mama wa usharika ndiye aliyemshika mkono.

Tulilia. Wanawake waliotuzunguka walidhani ni furaha, na furaha ilikuwamo. Lakini tulililia pia lile ambalo halitarudi.

Viza ilitoka Jumatano ya 2 Oktoba, siku ya 43. Tulilipia kusogeza tiketi, tukafika tarehe 9. Mjukuu alikuwa na siku kumi. Kwa likizo iliyobaki tulikaa naye siku kumi tu, tukamwogesha, tukampikia mama yake uji na supu, tukamfundisha kumweka mtoto titi vizuri. Januari tulikopa kwenye kikoba ili kijana arudi shule, na mkopo ule tuliumaliza mwezi Juni. Kila marejesho tuliyahesabu pamoja na baba watoto, mezani, mwanga ukiwaka.

Katika Injili ya Luka tunasoma jinsi Mariamu alivyokwenda kwa Elisabeti, jamaa yake mwenye mimba, akakaa naye kama miezi mitatu. Kwenda kumtegemeza mwanamke anayetarajia ni kazi njema na ya zamani. Siku hizi kazi hiyo ina fomu, alama za vidole, na kungoja. Ikikuchelewesha, usiseme Mungu amekuacha, wala usimtukane karani usiyemjua. Chunguza karatasi zako, chunguza anwani yako, kisha ujiulize kama mumeo anajua yote unayoyajua wewe. Sisi hilo la mwisho lilitugharimu kuliko tiketi.

Mama mwenye swali au ushuhuda na atuandikie. Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutaongea juu ya shinikizo la damu kwa mama mjamzito. Bwana awalinde ninyi na nyumba zenu.