Kanjo, Mnaona Magari Gani?

Kuna kitu tumekizoea hapa Nairobi mpaka tukakiona cha kawaida: mtu anapandisha gari juu ya njia ya waenda kwa miguu, magurudumu yote manne, anafunga milango na kwenda zake benki. Wewe unayetembea ndiye unashuka barabarani kubishana na matatu. Mama ana mtoto mgongoni, anashuka. Mzee na bakora yake, anashuka. Mwenye kiti cha magurudumu hawezi kushuka kwa sababu ukingo uko juu, kwa hivyo anangoja mwenye gari amalize shughuli zake.

Na hatua chache tu kutoka hapo, kanjo wawili wameinama wanafunga mnyororo kwenye Probox ya mtu ambaye hajalipia parking ya siku.

Hebu niulize. Kati ya hayo magari mawili, ni lipi linaumiza watu? Probox iko ndani ya mistari, haijamzuia mtu. Kosa lake ni deni. Lile lingine limefunga njia ya watu wote na haliguswi, kwa sababu pale lilipo kaunti haina ada ya kudai. Yaani tumejenga usimamizi wa maegesho unaofuata pesa, haufuati madhara.

Na msiniambie sheria hakuna. Kanuni za makosa madogo ya barabarani za 2016 ziko wazi: ukiacha gari likizuia wengine barabarani, faini ni shilingi 10,000. Ukiendesha juu ya njia ya waenda kwa miguu, 5,000. Mtembea kwa miguu akizuia magari makusudi, 500. Na tafadhali, gari halikuruka kutoka hewani likatua pale juu. Liliendeshwa. Katiba nayo, Jedwali la Nne, imepea kaunti kazi ya trafiki na maegesho, na kifungu cha 54 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali popote pa umma. Atafikaje kama kuna Prado katikati?

Afisa wa trafiki naye yuko pale kwa mzunguko, kazi yake ni kusimamisha matatu. Makanga anashuka mbio, wanasalimiana kwa mkono, gari linaendelea, abiria waning'inie wasining'inie. Hiyo salamu sote tunaijua. Kosa likishalipiwa kwa kiganja, linaacha kuwa kosa na linakuwa gharama ya biashara, na kesho litarudiwa palepale.

Halafu wakubwa wakiamua kuonyesha ukali, anayeumia ni nani? Kumbukeni Desemba 2018, gavana Sonko alipofungia matatu zisiingie katikati ya mji. Watu walitembea kilomita na kilomita kwenda kazini, wazee kwa vijana, mpaka amri ikasimamishwa siku hiyohiyo. Magari ya kibinafsi yaliingia mjini kama kawaida.

Kuna watakaosema nafasi za kupaki hazitoshi. Ni kweli, hazitoshi. Lakini kwani mimi nikikosa kiti kwenye matatu nakalia mapaja ya dereva? Uhaba wa maegesho ni shida ya mwenye gari, na wengi wetu mji huu hatuna gari. Tunatembea na tunapanda matatu. Njia ya miguu ndiyo barabara yetu. (Na nyinyi wa boda mnaopita huko juu mkipiga honi, msijifiche nyuma ya hii hoja. Mtanichukia lakini mnajijua.)

Sasa nataka nini? Nataka kanjo aliyebeba mnyororo aupeleke kwanza kwa gari lililoziba njia, ndipo arudi kwa deni la Probox. Hapana, afadhali hata asilifunge, alivute, kwa sababu ukifunga mnyororo gari lililo juu ya njia umelisaidia tu kukaa hapo zaidi. Faini ilipwe kwa simu, risiti itoke, pesa taslimu isishikwe na mtu yeyote barabarani. Na kila wiki kaunti itoe hesabu: magari mangapi yamevutwa kutoka njia za waenda kwa miguu, kwa barabara gani.

Na muanze na yale yenye namba za GK, tuone.